Rangi ya Kucha ya Afande

Nianze na rangi ya kucha, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimshuku kabla hata hatujasalimiana.

Karakana yangu hapa Kansanga imeshikana ukuta na duka la vipodozi. Mimi nashona viti vya magari na maturubai. Jirani yangu anauza nywele, mafuta na rangi za kucha. Kila baada ya wiki chache alikuwa anakuja mzee mmoja mrefu, kofia nyeupe ya msikitini, viatu vya jeshi vimepigwa rangi mpaka unaweza kujitazama, anasimama mbele ya rafu ya rangi za kucha na kuchagua nyekundu. Anatoa kipande cha bati mfukoni, anakipaka, anangoja pakauke, kisha anakikunja. Rangi ikinyumbulika pamoja na bati, chupa inarudi kwenye rafu. Ikipasuka, anaichukua na kwenda zake bila kuaga.

"Ndiye mteja wangu wa pekee anayetaka rangi mbovu," jirani yangu aliniambia.

Mimi nilijua mara moja. Mzee wa umri ule, rangi nyekundu, tena ya haraka haraka. "Ana msichana mahali," nikasema. "Na hampendi sana, ndiyo maana anamnunulia mbovu."

"Banange, Mama Achieng! Wewe unashuku hata mvua."

Kweli, nashuku. Nimeishi Kampala miaka mingi, nimetoka Kisumu na cherehani moja na mtoto mmoja mgongoni, na kama nisingekuwa mtu wa kushuku ningekuwa nimeshaibiwa vyote viwili. Sioni aibu kulisema. Ila huyu mzee alikuja kunionyesha kwamba kumbe mimi katika kushuku nilikuwa mwanafunzi tu.

Watu walimwita Afande, nami nikamwita hivyo. Alikuwa fundi wa ndege jeshini, akastaafu, akakaa kwake juu Makindye. Mengine sikuuliza, na yale niliyouliza hakunijibu.

Hakuwahi kukalia kiti bila kukitikisa kwanza. Akiingia kwangu anashika mgongo wa kiti, anakiyumbisha kulia na kushoto, anainama kutazama miguu, ndipo anakaa, tena nusu nusu. Kabla ya kupanda bodaboda anamwambia kijana aende hatua kumi na afunge breki, mara tatu. Madereva wa pale stendi walikuwa wanamkimbia. Chai ya nyumbani kwa binti yake, maziwa aliyanusa kwanza, mbele ya mkwe wake, na mkwe akaona sawa tu, ameshazoea. Ukimsifu ndio unamharibia siku kabisa. Niliwahi kumwambia kazi yake ni safi, akanitazama kwa jicho moja na kuuliza, "Wewe nataka nini?"

Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisichojali sana kitu gani kinafuatana na kipi, lakini ulikuwa huwezi kukosa maana. Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Kitu ambayo hapana lalamika, mimi hapana amini." Alilisema juu ya injini, juu ya wanawake, juu ya tumbo lake. Mtu akimjibu salamu kwa "mzuri tu, mzuri tu," alikuwa anaondoka na wasiwasi.

Na mtu huyu huyu, geti lake halikufungwa. Usiku na mchana liko wazi, kuku wa majirani wanaingia na kutoka. Nikamwuliza, Afande wewe, unayenusa maziwa, mbona hufungi geti? Akasema, "Mwizi nachukua tu. Hapana danganya mimi kwamba kitu iko sawa." Nililifikiria jibu hilo njia nzima ya kurudi Kansanga, na bado sijui kama lilikuwa busara au ujinga.

Kulikuwa na lingine la kuchekesha zaidi. Alikuwa anaogopa kupanda juu. Bati la nyumba yake lilivuja miaka miwili kwa sababu ngazi ilimshinda baada ya daraja la tatu. Anasimama pale, ameshika ngazi kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka, anashuka. Na mtu huyo alikuwa anajenga ndege.

Ndiyo, ndege. Ya watu wawili, ya mbao na kitambaa, kwenye kibanda alichofugia kuku zamani. Kuna watu nchi za mbali wanajitengenezea ndege nyumbani kwa michoro ya kununua, na Afande aliipata michoro yake, akaisoma mpaka karatasi zikachakaa mikunjoni. Makindye kuna kambi, na kilima kizima kina macho, kwa hiyo unaweza kufikiria mzee mstaafu wa jeshi anapoonekana akiingiza mbavu za bawa kwenye banda la kuku. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na watu wawili. Akazunguka, akagonga mbao, akauliza, "Afande, unataka kwenda wapi na hii?"

"Juu," akasema Afande. "Halafu chini."

Vibali alikuwa navyo, kwenye faili, na mkaguzi alikuwa anakuja kutazama kazi kila hatua. Lakini mtaa haukuacha kunong'ona. Nami sikuacha, mpaka siku alipokuja karakana kwangu bila kupita kwa rangi za kucha, akatikisa kiti, akakaa nusu, akasema amesikia nashona vizuri na haamini.

Alitaka mtu wa kushonea kitambaa kwenye mbavu za bawa. Kitambaa kinavutwa juu ya mbao, kinashonwa kwa uzi uliotiwa nta, fundo kila baada ya vidole vitatu, kisha kinapakwa dawa kinakaza mpaka ukikigonga kinalia. Nilishona mbavu nne siku ya kwanza. Akaja na kioo chake cha kukuzia, akapita fundo kwa fundo, akatoa wembe, akakata yote.

"Kwa nini?" Nilipandwa na hasira, siwezi kuficha.

"Fundo ya tisa imelegea."

"Si ungekata ya tisa!"

"Kama hiyo imelegea, zingine mimi nitajua aje?"

Nilishona upya. Nilirudi kule Makindye siku baada ya siku kwa ukaidi tu, nataka nione uso wake atakapokosa la kusema. Hakukosa, alipunguza tu. Na humo bandani ndimo siri ya rangi ya kucha ilipofichuka. Kila skrubu na kila nati ya ndege ile ilikuwa na mstari mwekundu mwembamba, umeanzia kwenye kichwa cha skrubu ukaishia kwenye chuma cha pembeni. Akishakaza na kupima, anapaka. Skrubu ikigeuka hata unywele, mstari unapasuka, na yeye anaona. Ndiyo maana alitaka rangi inayopasuka. Mafundi wa ndege wana rangi yao ya kazi hiyo, ila ya dukani ilikuwa karibu zaidi. Msichana hakuwapo. Niliona aibu kidogo, na nilikuwa nimeshawaambia watu wengi.

Sasa hapa ndipo anapoingia mwanangu. Achieng alisoma urubani. Cheti anacho, saa za kuruka anazo, kazi hana. Alikuwa anakaa kwenye kaunta ya kukatia watu tiketi za ndege wanazorusha wengine. Siku moja alinifuata Makindye kuniletea uzi. Afande alimkuta amesimama mbele ya ndege, anachezesha usukani wa mkia taratibu na kutega sikio. Hakuisifu. Akasema, "Kuna mahali hapa inasugua."

Afande akapenda papo hapo. Kitu kinasugua! Walikitafuta mpaka jioni wakakipata. Na kwa kuwa yeye macho yalikuwa yamepungua na ngazi ilimshinda kwenye daraja la tatu, ikaamuliwa, bila mtu kuniuliza mimi mama, kwamba siku ya kwanza ataipaisha Achieng.

Kuanzia hapo kushuku kwangu kulipata kazi ya kweli. Nilikuwa nashona bawa ambalo mtoto wangu atalalia hewani. Kila kitu mle bandani nilikitazama upya, na kitu kilichonikosesha usingizi kilikuwa kidogo kuliko vyote.

Alinieleza siku tuliyobeba mbao kwenye pikapu, barabara ya Ggaba. "Toa mkono nje. Laza sawa." Nikaulaza, upepo ukapita juu na chini, mkono umetulia. "Sasa inua mbele kidogo." Mkono ukapanda wenyewe. "Inua tena. Tena." Mahali fulani ukaacha kupanda, ukatetemeka, ukasukumwa nyuma na kudondoka.

"Hapo ndiyo ndege nakufa," akasema. "Injini iko nalia vizuri. Bawa ndiyo naacha kubeba. Na mtu ndani hapana jua, kwa sababu pua iko juu, yeye naona nafikiri anapanda."

Basi dawa yake ni hii. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto kunachomoza kibati, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Nyuma yake, ndani ya bawa, kuna swichi ndogo. Ndege ikienda sawa, upepo unakilaza kibati chini na hakuna kinachotokea. Pua ikiinuka kupita kiasi, upepo unaanza kukijia kutoka chini, unakinyanyua, swichi inagusana na honi inalia masikioni mwa rubani. Inalia kabla bawa halijaacha kubeba, ili apate nafasi ya kushusha pua. Ukiwa juu sana hata usipoisikia una mahali pa kuangukia na kujirekebisha. Ukiwa unarudi kutua, karibu na ardhi, huna.

Nikamwuliza hiyo swichi aliitoa wapi. Akasema kwenye mlango wa mashine ya kufulia nguo iliyokufa. Na honi? Ya bodaboda.

Nyie! Mwanangu, niliyembeba mgongoni kutoka Kisumu, uhai wake uning'inie kwenye mlango wa mashine ya kufulia? Moyoni nilishaamua. Huyu mzee anayekata mafundo ya wenzake kwa wembe, nani anakata ya kwake?

Wiki ile alikwenda Bombo msibani, siku tatu. Geti wazi, kama kawaida, nami nilikuwa na kazi ya kumalizia. Nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu mbili zilizoshika kile kibati na swichi yake. Mistari myekundu ikapasuka, nikasikia kabisa, tik, tik. Nikachomoa nyaya, nikaifunga swichi kwenye leso.

Sikuipeleka kwa fundi yeyote wa Kansanga, maana hapa kila mtu ananijua na mdomo hauna kufuli. Nilikwenda mpaka Bwaise, kwa kijana mmoja anayetengeneza redio na simu, ambaye vitu vyake vyote viko kwenye rafu za juu kwa sababu mvua ikinyesha maji yanaingia dukani kabla ya wateja. Akaipima kwa mita yake, akaibonyeza mara nyingi, akaifungua akachungulia, akaifunga.

"Nnyabo, hii swichi nzuri. Rakini nani amekuambia iko mbovu?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini unaipima?"

Nikamlipa, nikaifunga tena kwenye leso. Nikarudi nayo Makindye. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu mwingine hangelifanya, mshonaji tu. Ile sahani ya chuma inayoshika kibati ilikuwa na matundu mawili marefu, si ya duara, hivyo unaweza kuisogeza juu au chini kabla ya kukaza. Mimi nilidhani mzee ametoboa ovyo kwa sababu ya macho yake mabovu. Nikakumbuka pia kwamba niliikuta imekaa upande wa juu, haiko katikati. Sisi washonaji kitu kisichokaa katikati kinatuuma macho. Vishikizo, mishono, nembo ya kiti, vyote katikati. Basi nikaishusha mpaka katikati, nikaitazama kwa mbali, nikaona imependeza, nikakaza.

Ikabaki rangi. Nilikwenda kwa jirani yangu nikanunua nyekundu ile ile mbovu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikarudi nikafuta mabaki ya zamani kwa pamba, nikachora mistari miwili mipya, mkono wa mtu aliyeshona maisha yake yote, mistari imenyooka kushinda ya mwenyewe. Nilijiona mjanja, na niliondoka pale nimetulia: swichi ni nzima, mwanangu yuko salama, na mzee hatajua.

Aliporudi Bombo alianza kumwonyesha Achieng ndege nzima, kipande kwa kipande, ikiwa imebaki wiki moja kabla ya kuruka. Nilikuwa chini ya mkia nashona. Wakafika kwenye bawa la kushoto. Afande akapitisha kidole gumba juu ya mistari yangu, taratibu, mara mbili, maana alikuwa anategemea kidole kuliko jicho.

"Safi," akasema.

Mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema safi juu ya kitu chochote.

Achieng akauliza kwa nini matundu ni marefu. Akamweleza. Sahani ikipanda kidogo, honi inalia mapema. Ikishuka kidogo, upana wa mstari wa penseli tu, honi inachelewa, na ukiwa karibu na ardhi inakulilia wakati umeshaanguka. Alikuwa amefuata michoro, akaifunga kwenye kipande cha bawa juu ya pikapu, akaipimia barabarani alfajiri kwa alfajiri mpaka akapata mahali pake. "Halafu nimefunga na rangi. Laini ikiwa nzima, mimi hapana rudia tena. Hiyo ndiyo kazi ya laini."

Sindano iliniingia kidoleni nusu yake na sikuisikia.

Ningependa kusema nilitoka chini ya mkia pale pale nikasema. Sikusema. Nilikaa nalo siku tatu, na siku tatu hizo nilijifunza ukubwa wa uoga wangu. Nilijaribu kwanza kumzuia Achieng. Nilimwambia nimeota ndoto mbaya.

"Mum, wewe huoti," akasema. "Unalala umekunja ngumi."

Nikafikiri kurudi kisirisiri niisogeze juu, lakini juu kiasi gani? Alama ya zamani niliifuta mwenyewe kwa pamba. Na kila nilipofumba macho nilimwona Achieng anarudi kutua, pua juu, kimya, halafu honi, imechelewa. Nikaona hasira za huyu mzee, hata kama angenikata vipande, ni ndogo.

Nilimkuta barazani anatawadha kwa swala ya alasiri. Nikasimama mbele yake na viatu vyangu mkononi, sijui hata nilivivua kwa nini.

"Afande, niligusa swichi ya bawa."

Akamaliza mguu aliokuwa anauosha. "Lini?"

"Ulipokuwa Bombo. Niliipeleka ikapimwe. Ni nzima. Lakini nikairudisha katikati."

"Na laini?"

"Nilinunua rangi. Ile ile."

Akaweka birika chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na naapa, ningezipenda kelele. Alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza nikauona uzee wake. Kidole gumba chake, kile kilichosema safi, kilikuwa kinasugua kidole cha pembeni.

"Ingine gani umegusa?"

"Hakuna. Wallahi hakuna." Mimi Mkristo, limenitoka.

"Mimi nitajua aje?"

Akaenda kuswali.

Kesho yake alianza kukwangua. Ndege nzima. Mamia ya skrubu na nati, mstari kwa mstari, akafuta, akakaza upya, akapima, akapaka. Kama mmoja ulikuwa wa uongo, yote haikuwa na kazi tena. Safari ya kwanza ikaahirishwa, wiki ikawa miezi. Achieng hakunisemesha siku nyingi. Alipozungumza alisema, "Ulitaka kunipandisha angani na rangi ya kucha, Mum," na alisema kweli.

Afande hakunifukuza. Angenifukuza ningepumzika. Aliniweka upande wa pili wa bawa, nishike taa, nimpe pamba, na kila nilipoinuka kwenda msalani alinisindikiza kwa macho. Siku moja nilimwuliza kama kuna ndege iliwahi kuanguka mikononi mwake. "Shika taa vizuri," akasema. Swichi yenyewe aliirudisha juu ya pikapu, akaipimia upya barabarani, alfajiri kwa alfajiri, na mimi nyuma nikiandika anachoniambia.

Katika miezi ile mikono ilianza kumtetemeka. Kidogo kwanza, kwenye kikombe, kisha kwenye bisibisi. Alisema ni baridi ya Makindye.

Siku moja kabla ya kuipeleka ndege kwenye kiwanja cha nyasi nje ya mji, aliniita mchana. Banda lilikuwa limefagiwa. Skrubu zote zilikuwa na mistari, isipokuwa mbili za kile kibati. Alikuwa ameshakaza. Akanipa chupa.

"Paka wewe," akasema. "Mkono yangu mbaya."

Nilitaka kulia, ndivyo ilivyokuwa, sipunguzi. Nikachora ya kwanza, nikachora ya pili, sijawahi kutuliza mkono namna ile hata kwenye kiti cha gari la waziri. Akatazama, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikaaga, nikashuka mpaka getini, nikakumbuka miwani yangu iko mezani kwake. Nikarudi.

Mlango wa banda ulikuwa nusu wazi. Afande alikuwa amepiga magoti mbele ya bawa. Alikuwa na pamba mkononi, na mistari yangu yote miwili ameshaifuta. Akachukua rula yake ya chuma, akapima, akajaribu skrubu kwa bisibisi, akapima tena. Kisha akachovya njiti ya kiberiti kwenye ile chupa na kuanza kuchora mwenyewe, mkono wa kulia unatetemeka, wa kushoto umeushika wa kulia kwenye kifundo.

Miwani niliiacha. Niliteremka kilima cha Makindye sioni vizuri, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu jambo hili lianze. Kama angeuacha mstari wangu, ningelala vipi usiku ule?

Asubuhi kiwanjani kulikuwa na umande na ng'ombe watatu walioondolewa njiani. Achieng alikuwa ameshavaa, ananitazama pembeni. Alikuwa amesema hatapanda mpaka mimi niseme. Nikainama kwenye bawa la kushoto. Mistari miwili, minene, imepinda.

"Imepinda," nikasema.

Afande hakugeuka. "Hiyo laini yangu."

"Naona."

"Wewe narudi jana?"

"Nilisahau miwani."

Akaitoa mfukoni, akanipa. Akanyanyua kibati kwa kidole kimoja, honi ya bodaboda ikalia, ng'ombe wakainua vichwa.

"Panda," nikamwambia mwanangu.

Alikaa juu muda ambao siwezi kuupima. Alizunguka, akawa mdogo, akawa mkubwa tena. Afande hakutazama juu hata mara moja. Alikuwa ameinamisha kichwa, ametega sikio. Achieng akakata kona ya mwisho, akashuka, injini imepunguzwa mpaka sauti ya ukoka na ndege wa porini ilisikika. Pua ikaanza kuinuka, taratibu, hatua chache tu juu ya nyasi, mbele yetu kabisa.

Honi ikalia. Nikahesabu, moja, mbili. Magurudumu yakagusa.

"Umesikia?" Afande akaniuliza.

"Nimesikia."

"Imelalamika," akasema, akatikisa kiti cha plastiki kilichokuwa pale, akakikalia chote.